Ufagio na Vumbi Lake

Nilipokuwa na miaka minane hivi nilichapwa kwa kosa la kufagia. Sikukataa kufagia, la. Nilifagia, na ndiyo maana nikachapwa. Ilikuwa msimu wa kaskazi, mvua imetuaga zamani, uwanja umekauka hata ukikanyaga unasikia vumbi likipita baina ya vidole vya miguu. Nilitaka kumfurahisha bibi kabla hajamaliza chai yake. Nikachukua ufagio wa chelewa nikaanza kazi kwa nguvu zote za mtoto anayetaka kusifiwa. Nilipofika karibu na jiko bibi akatokea mlangoni, kanga ameibana mdomoni, anakohoa. Pale kando ya jiko, mkekani, alikuwa amelazwa mtoto mchanga wa shangazi yangu. Wingu langu lote lilikuwa limemwendea yeye.

"Nani alokufunza kufagia bila kunyunyiza maji?"

Nikasema, nilikuwa nasafisha, bibi.

"Umesafisha nini wewe? Vumbi ulilolikuta chini umelitia kifuani mwa mwana wa watu."

Kibao kikafuata, nami nikalia kilio cha mtu aliyeonewa. Nikajiambia moyoni kwamba ulimwengu huu hauna haki, mtu anatenda wema anapigwa! Leo nimevuka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, sina kazi ya maana ila kalamu na daftari la riwaya isiyokwisha, na kilio kile bado kinanirudia. Ila sasa naona kwamba katika maneno yale mawili matatu bibi aliuliza swali ambalo limewashinda watu wenye digrii zao. Anayesafisha uchafu ana haki gani juu ya pumzi ya jirani yake?

Ndugu msomaji, usiniambie hili ni swali la uwanjani tu. Hebu twende nalo Owino Uhuru.

Wasomaji wa Mombasa mnapajua. Wa kwingine niwaeleze. Ni mtaa wa watu wa kipato kidogo huko Mikindani, nyumba zimebanana, wakazi wapatao elfu tatu. Mwaka 2007 kilianza kazi pale, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi. Kazi yenyewe haina siri kubwa. Betri inavunjwa, asidi inamwagwa, yale mabamba ya ndani yanatiwa tanuruni. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, moto ambao kwa tanuru si mkali sana, na moshi unaotoka hubeba chembe zake mpaka upepo uchoke. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga ana risasi mwilini. Akaacha kazi, akaanza kupiga kelele, na kelele zake zikafika mbali. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Wakazi walienda mahakamani mwaka 2016. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyokaa Mombasa ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikaamuru pia udongo na maji ya pale yasafishwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia ile. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Angalia lugha yetu ilivyo na macho. Madini haya, na kile kitu kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, tumeviita kwa jina moja. Tofauti ni kwamba ile ya bunduki ina mlio.

Sasa, katika kesi yote hiyo neno lililonipendeza kuliko mabilioni ni lile la kusafisha. Fidia ni pesa, na pesa huisha. Lakini udongo ukisafishwa, mtoto atakayezaliwa pale mwaka 2040 atacheza kama mtoto. Nilikuwa nikilisema hivyo maskani, kwa sauti ya mtu anayejua mambo, mpaka siku moja jamaa yangu, fundi wa kupaka magari rangi, akaniuliza: "Sasa wakija na matingatinga wauchimbue ule udongo, si vumbi litarudi tena juu?"

Tukacheka. Kisha hakuna aliyeendelea kucheka. Yeye magazeti hasomi, lakini akilipiga msasa gari la zamani hufunga kitambaa puani, kwa sababu anajua rangi iliyokaukia kwenye bati haina neno mpaka uisugue.

"Basi iachwe ilale," akasema mwingine.

Hapo ndipo mtego wenyewe ulipo, na ningependa tukae nao kidogo kabla ya kuukimbia. Hoja ya "iachwe ilale" si ya kipumbavu. Sumu iliyofunikwa na udongo mgumu haiendi mbali. Sumu iliyochimbuliwa inapanda upepo. Mwenye busara atachagua nini? Lakini hoja hiyo imekosea neno moja tu, nalo ni hilo la kulala. Risasi haiozi wala haichoki. Maji hayaiyeyushi kama chumvi ikaisha, na jua haliiui kama linavyoua vijidudu. Inakaa juu ya ardhi pale pale ambapo mtoto anatambaa na kutia mkono kinywani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima akimeza kiasi kile kile. Mwili wenyewe hudanganyika, ukaidhania ni kalsiamu, ukaihifadhi kwenye mifupa na meno kama akiba. Na msichana aliyeiweka akiba hiyo, akija kushika mimba miaka mingi baadaye, mifupa yake inaweza kuitoa akiba ile na kumgawia aliye tumboni. Haya, hiyo ndiyo inayoitwa kulala?

Kwa hiyo kuiacha ni dhambi, na kuichimbua ni hatari. Nakiri nilipofika hapa niliweka kalamu chini kwa siku kadhaa. Nilichokuja kukipata hakikutoka kwetu. Kilitoka mji mmoja uliowahi kuingia mtego huu.

Mji huo ni Corby, katikati ya Uingereza. Ulikuwa mji wa chuma. Watu walihamia kutoka Uskoti kwa wingi katika miaka ya 1930 kufuata kazi za tanuru, hata mji ukabandikwa jina la Uskoti mdogo. Mwaka 1980 tanuru zilizimwa, maelfu ya watu wakabaki bila kazi, na ardhi kubwa ikabaki na mashimo ya tope, vumbi la kadmiamu, kromiamu, nikeli na taka nyingine za nusu karne. Baraza la mji likafanya jambo ambalo mimi na wewe tungelipigia makofi. Likainunua ardhi ile ili iondolewe sumu, yajengwe mambo mapya, watu wapate kazi. Si kampuni ya mabepari iliyotoka ng'ambo hiyo, ni baraza la watu wa mji wenyewe. Kazi ikaenda miaka mingi, mpaka mwaka 1997.

Ilivyoendeshwa sasa! Malori yalibeba tope la sumu kupitia barabara wanazopita watu. Tope likamwagika njiani, likabaki kwenye magurudumu, likakauka, na magari yaliyofuata yakalisaga likawa vumbi. Wanawake wajawazito walipita humo wakienda dukani, wakienda kazini. Baadaye wakazaliwa watoto wenye vidole pungufu, mikono mifupi, nyayo zilizopinda. Kina mama walikuwa hawajuani. Kila mmoja alidhani ni lake peke yake, mpaka gazeti la Sunday Times lilipoiandika habari hiyo mwaka 1999. Vijana 18 walishtaki. Julai 2009, jijini London, Jaji Akenhead aliamua kwamba baraza lilizembea katika kazi ile ya kusafisha, na kwamba uchafuzi ulioenezwa ulikuwa na uwezo wa kusababisha vilema vya aina ile. Mwaka 2010 baraza likakubali kulipa na likaomba radhi. Mwaka 2025 kisa kikatengenezewa tamthilia ya televisheni, watu wakalia tena.

Niliposoma habari hizi kitu kilichonisumbua hakikuwa ukatili. Ukatili nimeuzoea, umejaa katika riwaya na umejaa mtaani. Kilichonisumbua ni kwamba sikumwona mkatili. Nilitafuta mhusika mbaya, kama tunavyofundishwa fasihi shuleni, nikakuta watu wenye nia njema na haraka. Nikajiona mimi, na ufagio wangu wa chelewa.

Hebu fikiria. Mwenye kiwanda akichafua, moyoni mwake anajua ana kesi. Ataficha, atahonga, atajenga ukuta mrefu, na kule kuficha kwenyewe ni kukiri. Mtu wa namna hiyo tunamjua, na sheria zimeandikwa zikimtazama yeye. Lakini anayekuja kusafisha haji na uso wa mshtakiwa. Anakuja na kofia ya plastiki na hotuba. Ukimuuliza kuhusu vumbi anakutazama kama mtu asiye na shukrani: kwani wewe hutaki usafi? Yaani wema wake amekwisha kuutumia kama malipo ya kila atakalolimwaga njiani. Na sisi tunaosafishiwa tunaona haya kulalamika. Nani atamlalamikia mgeni aliyekuja kumfulia nguo, hata kama ameichana moja?

Mimi nadhani hapa ndipo penye kosa la maadili. Nia njema inahusu yule aliyenayo. Pafu la mtoto halina habari nayo. Chembe ya vumbi iliyotoka kwa mharibifu na iliyotoka kwa mwokozi zinashuka koo lile lile. Tena nitasema zaidi: anayesafisha ana deni kubwa kuliko la aliyechafua, kwa maana moja tu. Aliyechafua aliweza kusema hakujua. Anayesafisha ameletwa pale kwa sababu inajulikana. Amesaini mkataba wenye jina la sumu ndani yake.

Sasa kuna watakaosema, dawa ipo, nayo ni kupima hewa. Kweli ipo, na ni nzuri, lakini tuitazame kwa makini kwa sababu mashine nayo inaweza kuwa pambo. Jimbo la New York, Marekani, lina kanuni ya kupima hewa ya wakazi pale uwanja wenye sumu unapochimbwa. Mashine moja inawekwa upande upepo unakotoka, nyingine upande unakokwenda. Ya kwanza inasema hewa ilikuwaje kabla ya kuupita uwanja, ya pili inasema uwanja umeongeza nini. Wanapima vumbi laini, la chembe zisizozidi mikromita 10, wakati unywele wa mtu una unene wa mikromita hamsini na zaidi. Vumbi la upande wa pili likizidi la upande wa kwanza kwa mikrogramu 100 katika mita moja ya ujazo, kwa wastani wa dakika 15, lazima wanyunyize maji na wapunguze fujo. Na kama hata baada ya kunyunyiza linazidi kwa mikrogramu 150, kazi inasimama. Mivuke ya kemikali nayo ina mipaka yake.

Nilifurahi sana niliposoma hayo. Nilimwona bibi katika kanuni ya serikali! Kunyunyiza maji, kutazama upepo unamwendea nani, na kibao kwa asiyesikia.

Lakini tusifurahi haraka. Mashine ile ya papo kwa papo inahesabu vumbi, haijui ni vumbi la nini. Kwayo unga wa mahindi na unga wa risasi ni chembe tu. Ili ujue kuna risasi kiasi gani inabidi uinase hewa kwenye kichujio, ukipeleke maabara, usubiri majibu. Tufanye hesabu ndogo. Marekani imeweka kwamba risasi katika hewa isizidi mikrogramu 0.15 kwa mita ya ujazo, kwa wastani wa miezi mitatu. Kama katika kila sehemu elfu za vumbi sehemu moja ni risasi, basi mikrogramu 150 za vumbi zina risasi 0.15 kamili. Vizuri. Lakini kama udongo wa kwenu una sehemu kumi katika elfu, kazi haitasimamishwa kwa vumbi lile lile, na huku risasi iliyomo katika hewa imefika mara kumi ya kiwango. Najua dakika 15 si miezi mitatu na vipimo hivi havilingani moja kwa moja. Lakini kazi ya kuchimba nayo si ya dakika 15. Kwa hiyo kipimo cha New York hakiwezi kukatwa na kubandikwa Mikindani kama picha ya kalenda. Kwanza uujue udongo wako, ndipo uijue namba yako.

Na upepo wako pia. Sisi watu wa pwani hatuhitaji profesa wa kutuambia kwamba kaskazi na kusi hazitoki upande mmoja. Mashine iliyokuwa nyuma ya upepo Januari, Julai inaweza kujikuta mbele yake. Mkandarasi aliyezoea bara ataziweka mashine zake siku ya kwanza, atazifunga kwa mnyororo zisiibiwe, atazisahau. Masika ikija vumbi litatulia kweli, lakini tope litatembea na magurudumu mpaka barabara kuu, na Corby imetuonyesha tope likikauka linakuwa nini. Turubai juu ya lori, magurudumu kuoshwa kabla ya kutoka getini, malori yasipite saa watoto wanapokwenda shule. Mambo haya hayahitaji sayansi ya kwenda mwezini.

Lakini hata tukipata mashine zote, namba zote, turubai zote, bado hatujafika kwenye swali. Swali ni mkono. Taa nyekundu ikiwaka, ni mkono wa nani unaozima tingatinga? Kama ni wa mkandarasi, ambaye kila saa ya kusimama inamla mfukoni, basi mashine ile ni sawa na saa ya ukutani iliyokwisha betri, inapendeza tu sebuleni. Kama ni wa ofisa wa serikali, yuko wapi saa kumi alasiri siku ya Ijumaa? Na kama namba zinaandikwa kwenye ripoti nene ya Kiingereza inayotolewa baada ya miezi sita, mama anayepika mahamri nje ya mlango wake ameambiwa nini kuhusu asubuhi ya leo?

Mimi nasema mkono uwe wa wale wanaovuta ile hewa, au wa mtu waliyemchagua wao, ambaye mshahara wake hauongezeki kazi ikiisha mapema. Namba iandikwe kwa chaki pale dukani, kwa Kiswahili, kila saa.

Nimeijaribu hoja hii maskani na imepigwa mawe, nami sitaki kuyaficha. Jamaa mmoja alisema ukiwapa wakazi mkono huo kazi haitaisha mpaka Kiyama. Kila mtu akikohoa atazima mashine. Wengine watazima ili wapewe chochote. Na wakati kazi imesimama, je, watoto hawaendelei kutambaa juu ya udongo ule ule? Kila siku ya kuchelewa kwa ajili ya usalama ni siku nyingine ya sumu. Hapo alinipata. Nilinyamaza, na mpaka sasa sina jibu linalomfunga mdomo. Nina nusu ya jibu. Kuna njia za kufanya hatari ipungue wakati tunasubiri: kuweka udongo safi juu ya ule mbaya, kuwahamisha watu kwa muda kwa heshima na kwa gharama ya aliyechafua, kuchimba kipande kidogo kidogo chini ya hema badala ya kufungua uwanja wote kwa siku moja. Zote zinakula pesa na muda. Lakini kusema kwamba maskini hawezi kupewa mkono wa kuzima kwa sababu atautumia vibaya, hiyo ndiyo lugha iliyotumika kukijenga kiwanda ukutani mwao tangu mwanzo. Walionekana hawajui lenye faida kwao.

Wengine husema dawa ni rahisi, mhandisi aje alale pale na wanawe, tuone kama hatanyunyiza maji. Ni maneno matamu barazani na nimewahi kuyasema. Siku hizi siyapendi. Sitaki mtoto wa mtu yeyote awe mashine ya kupimia.

Na mtoto ndiye anayeifanya hesabu yote hii ikatae kukaa sawa. Mimi mtu mzima unaweza kuniuliza: kijana, tutachimba miezi minane, kutakuwa na vumbi kiasi fulani, baada ya hapo mtaa utakuwa salama, unakubali? Naweza kukubali kwa akili yangu na nikajifunga kitambaa. Huo ni mkataba. Lakini wale wa Corby walioumia kuliko wote walikuwa hawajazaliwa. Faida ya usafi ilikuwa yao, watoto wa kesho, kila hotuba ilisema hivyo. Na hasara ikawa yao pia. Walifanyiwa wema ambao hawakuulizwa, kwa gharama ya vidole vyao. Ninapofika hapa naona neno "wastani" linaanza kunuka. Wastani wa dakika 15, wastani wa miezi mitatu, wastani wa watu wazima wenye afya. Mimba ina wiki zake ambazo kiungo fulani kinaumbwa, haisubiri wastani. Kama lazima tuchague namba, basi ichaguliwe kwa kumtazama aliye mdogo kuliko wote, halafu sisi wengine tuliobaki tutakuwa salama kwa kufuata mkia wake.

Kuna jambo jingine nalipita haraka kwa sababu linanitia aibu, sisi tulio nje ya mtaa ule. Udongo ukishachimbuliwa unapelekwa wapi? Lori haliendi mbinguni. Lina mahali litakapomwaga, na mahali pale pana jirani. Nikiambiwa kesho kwamba utaletwa Changamwe, karibu na kwetu, nitayaandika tena maneno haya kwa utulivu huu?

Nimejaribu kuyaingiza mambo haya katika ile riwaya yangu. Nilimfanya mhusika mkuu awe dereva wa lori, mtu mzuri, mwenye mke mwenye mimba ya miezi miwili. Kila siku anapita mbele ya nyumba yake na shehena, anapiga honi kumsalimia mkewe, naye mke anafungua dirisha. Nimeandika sura sita. Rafiki yangu mmoja aliyezisoma alisema dereva hana kosa, nimwache. Mwingine akasema niandike siku anayogundua. Sijaandika. Kila nikikaa naona lile dirisha linafunguliwa na honi inalia, na siwezi kuamua ni nani katika hadithi nzima aliyestahili kumwambia alifunge.

Siku ile niliyochapwa, baada ya machozi kukauka, bibi aliniita tena uwanjani. Alikuwa amejaza maji kwenye kopo la rangi lililotobolewa matundu chini. Akanipa. Nikanyunyiza kutoka ukutani kuja mlangoni, mpaka mchanga ukabadilika rangi, nikaunyanyua ufagio. Akasema bado. Tukasimama tukiyangoja maji yazame. Nikamuuliza tutangoja mpaka saa ngapi. Akanijibu nimchukue kwanza mtoto ndani pamoja na mkeka wake. Nikambeba, mzito kwangu, ananuka maziwa, nikamlaza chumbani kwa shangazi nikarudi mbio. Bibi akaniuliza kama dirisha la jirani liko wazi. Sikujua. Nikatumwa nikaangalie.